Bili ya gereji: petroli na umeme, kutoka London 1897 hadi Chepsaita

Leo nataka tuzungumze juu ya bili ya gereji. Sizungumzii bei ya kununua gari, wala bei ya petroli, ambayo EPRA huitangaza kila tarehe 14 ya mwezi nasi tunalalamika hadi tarehe 14 inayofuata. Nasema ile pesa ya kulitunza gari: oili, filta, plagi, breki, tairi, na yale mambo ambayo fundi huyagundua akiwa amelala chini ya gari, kisha anatoka akitikisa kichwa.

Kila ninaposoma kuhusu magari ya umeme nakutana na sentensi moja, kwamba gari la umeme halina vitu vingi vya kuharibika, kwa hiyo matunzo yake ni rahisi. Sentensi hiyo ni ya kweli. Imekuwa ya kweli kwa zaidi ya miaka 120. Na katika miaka hiyo hiyo gari la petroli lililipiga gari la umeme kipigo cha mbwa koko. Sasa mtu aliyesomea kompyuta akiona data ni sahihi na jibu limetoka kinyume, anajua kuna kitu hakikuingizwa kwenye hesabu. Nimetumia jioni kadhaa kukitafuta kitu hicho, na ndiyo sababu ya makala haya kuwa marefu. Chukua chai.

Tuanze London, mwezi Agosti 1897. Kijana mmoja mhandisi, Walter Bersey, hata miaka 25 hajatimiza, aliingiza barabarani teksi za umeme za kampuni ya London Electrical Cab. Watu walizipachika jina la ndege mdogo anayevuma kwa mabawa, kwa sababu ya sauti ya mota zake na rangi zake nyeusi na njano. Kila teksi ilikuwa na uzito wa tani 2 hivi na betri ya risasi ya seli 40, na ikijazwa chaji ilikwenda kama kilomita 50. Ikirudi kituoni haikungoja chaji. Betri nzima ilishushwa kwa mashine, nyingine ikapandishwa, teksi ikatoka. Ndiyo, ndugu msomaji, kubadilishana betri, jambo ambalo leo likifanyika Nairobi tunaliita uvumbuzi, lilifanywa na watu waliovaa kofia ndefu wakati reli ya Uganda ndiyo kwanza imeondoka Mombasa.

Nini kiliziua teksi hizo? Mota hazikuwa na neno. Barabara za mawe zilitikisa betri mpaka sahani zake zikavunjika, na ule uzito wote ukala tairi za mpira upesi kuliko mapato yalivyoingia. Kufikia 1899 biashara ilikuwa imefungwa. Huko New York kampuni ya Electric Vehicle ilijaribu jambo hilo hilo kwa ukubwa zaidi, ikajenga kituo chenye winchi ya kuinua betri, ikanunua magari mengi kuliko ilivyoweza kuyatunza, na mwaka 1907 ikafilisika.

Hata hivyo mtu wa mwaka 1900 hakuona dalili kwamba petroli ndiyo itakayoshinda. Mwaka huo Marekani ilitengeneza magari 4,192. Kati ya hayo 1,681 yalikuwa ya mvuke, 1,575 ya umeme, na 936 tu ya petroli. Gari la petroli lilikuwa mzigo. Uliliwasha kwa kuzungusha mkono wa chuma mbele ya injini, na ukizubaa mkono huo ulirudi kwa nguvu ukakuvunja kiwiko. Plagi zilijaa masizi, kabureta ilihitaji kurekebishwa, gia zililia. Tajiri aliyelinunua alilazimika kumwajiri mtu wa kuliendesha na kulitengeneza, na ndiyo maana neno la Kifaransa tunalolijua kama shofa maana yake ya asili ni mchochea moto. Gari la umeme lilikuwa unaingia, unasukuma wenzo, unakwenda. Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, aliendesha Detroit Electric. Mume anauzia dunia petroli, mama mwenye nyumba anakwenda sokoni kwa umeme.

Halafu mambo mawili yakatokea. La kwanza, Charles Kettering akatengeneza stata ya umeme, nayo ikaingia kwenye Cadillac za mwaka 1912. Ule mkono wa kuvunja viwiko ukawa hauna kazi. Mota ndogo na betri ndogo viliingia ndani ya gari la petroli na kuliondolea aibu yake kubwa. La pili ni Ford Model T, lililouzwa dola 850 mwaka 1908 na kushuka hadi dola 260 mwaka 1925. Historia nyingi husimama hapo: stata na bei, kwisha habari.

Mimi naona kuna la tatu, na ndilo linaloihusu bili ya gereji. Model T liliharibika sana, tena sana. Lakini liliharibika vipande vipande. Leo mkanda, kesho plagi, mwezi ujao bearingi. Kila kipande kilikuwa na bei ndogo, kilipatikana mji wa karibu, na mkulima mwenye spana aliweza kukifunga mwenyewe. Gari la umeme liliharibika kwa mtindo mwingine kabisa. Mwaka wa kwanza, kimya. Mwaka wa pili, kimya. Kisha betri ya risasi inachoka, na unaambiwa lete pesa zote kwa mpigo. Thomas Edison aliliona tatizo hili, akatumia karibu miaka kumi kutengeneza betri ya nikeli na chuma iliyodumu miaka mingi mno, lakini bei yake ilikuwa ile ile ya mpigo, tena kubwa zaidi.

Ukijumlisha gharama za miaka kumi, huenda umeme ulishinda hata wakati huo kwa magari ya mjini. Lakini watu hawalipi jumla ya miaka kumi. Wanalipa leo kwa walicho nacho leo.

Kuna watu waliolielewa hili mapema. Katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, kampuni ya umeme ya mji ilianzisha huduma ya betri kwa malori katika miaka ya 1910. Mwenye lori alilinunua kutoka kampuni ya General Vehicle bila betri. Betri ilikuwa mali ya kampuni ya umeme. Mteja alilipa ada ya kila mwezi na kiasi fulani kwa kila maili aliyokwenda, na betri ikiisha chaji anabadilishiwa. Ikifa, si yake. Huduma hiyo iliendelea hadi 1924, na malori yake yalisafiri jumla ya zaidi ya maili milioni 6. Sisi wa programu tunaijua biashara hii vizuri. Zamani ulinunua seva yako, ikiungua umeungua nayo. Tangu Amazon waanze kukodisha seva kwa saa mwaka 2006, kuungua kwa seva ni shida ya Amazon. Hartford walifanya hivyo kwa betri miaka tisini na kitu kabla.

Pale ambapo mwenye gari alikuwa kampuni kubwa yenye mahesabu ya miaka mingi, umeme haukufa kabisa. Uingereza magari ya kupeleka maziwa nyumbani asubuhi yalikuwa ya betri za risasi, na mwaka 1967 chama cha magari ya umeme cha huko kilitangaza kwamba nchi hiyo ina magari mengi ya betri barabarani kuliko dunia nzima iliyobaki ikijumlishwa. Karibu yote yalikuwa ya maziwa. Njia ile ile kila siku, kusimama kila nyumba, kurudi bohari moja usiku, na mhasibu mmoja anayeweka akiba ya betri. Mtu yeyote wa Uasin Gishu akiwaza maziwa yanavyokusanywa alfajiri barabarani na kupelekwa mjini ataona kazi hiyo inafanana na ya kwetu kuliko vile matangazo ya magari yanavyoonyesha.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka huo huo wa 1924 ambao Hartford walifunga huduma yao ndio reli ilifika Eldoret. Umeme ulikuja baadaye, kampuni ya East African Power and Lighting ilipoweka mtambo mjini mwaka 1933. Mashambani ilichukua miaka mingi zaidi, na wako wasomaji wangu watakaokumbuka nyumba zao zikiwekewa taa. Petroli haikungoja nguzo wala waya. Iliingia kwenye debe, debe likapanda mkokoteni wa ng'ombe, likafika popote. Kwa hiyo hapa kwetu hakukuwa na mashindano. Umeme ulipofika, petroli ilikwisha kujenga nyumba na kuzaa watoto.

Na watoto wake ni mafundi. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu kila jedwali la gharama linalotengenezwa Ulaya au Marekani hupita hapa bila kupunguza mwendo. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, halafu 1966, 1967 na 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Watu wanaikumbuka kama historia ya michezo, lakini ilikuwa pia historia ya spea. Gari lililoshinda kwenye matope ya kwetu lilinunuliwa, lililonunuliwa sana lilileta spea, na penye spea palizaliwa fundi chini ya mti. 504 iliunganishwa hapa hapa Kenya hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Shirika la kazi duniani, ILO, lilipotoa ripoti yake maarufu kuhusu ajira nchini Kenya mwaka 1972, ndipo wataalamu walipoanza kuiita kazi hii sekta isiyo rasmi na kukubali kwamba ina tija. Mafundi wenyewe walikuwa juani tayari, na jina la jua kali likawabaki.

Mtandao huo wote, kuanzia Kirinyaga Road Nairobi hadi kibanda cha mabati kando ya barabara ya Turbo, ni mtambo wa kukatakata gharama. Huna pesa ya spea mpya? Kuna iliyotumika kutoka Japani. Huna ya hiyo? Fundi atachonga. Huna hata senti leo? Fundi anakujua, utalipa Ijumaa. Hakuna betri ya gari la umeme inayolipwa Ijumaa.

Mfalme wa sasa wa mtandao huo ni Toyota Probox, iliyoanza kutengenezwa 2002. Kwetu Chepsaita, upande wa Turbo, mahali ambapo wengi wenu mnapasikia kwa sababu ya mbio za nyika, Probox ni matatu, ni lori la mahindi, ni ambulensi, na siku ya harusi inafungwa maua. Uzito wake ni kama tani moja, ingawa nimeiona ikibeba kitu kinachokaribia hicho hicho. Injini yake ya lita 1.5 ina cheni badala ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo gharama moja kubwa ya kila baada ya kilomita 100,000 haipo. Inayobaki ni oili na filta, plagi, pedi za breki, kluchi au gia, radieta, bushi na shoku kwa sababu ya barabara ya vumbi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kukulaza macho.

Mjomba wangu anayo moja, ya kubeba abiria kati ya Chepsaita na Eldoret. Imechoka. Mwaka huu anataka kuchukua mkopo wa Sacco anunue nyingine, na ameona Nissan Leaf za kutoka Japani kwenye simu. "Kijana, hii haina oili wala plagi, si nitakuwa nimeachana na fundi?" aliniuliza. Nikamwambia ngoja nipige hesabu, mjomba. Sikuuliza kwa udadisi tu. Mimi ni mmoja wa wadhamini wake kwenye fomu ya mkopo, na Sacco haichezi na wadhamini.

Hesabu yenyewe ni hii. Mwaka 2021 maabara ya Argonne ya serikali ya Marekani ilikokotoa gharama za matunzo ya kawaida, ikapata senti 10.1 kwa maili kwa gari la petroli na senti 6.1 kwa gari la umeme. Kwa kilomita hiyo ni kama senti 6.3 dhidi ya 3.8. Mjomba akienda kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni kilomita 30,000. Petroli itamla dola 1,880 hivi, umeme dola 1,140 hivi. Tofauti ni dola 750 kwa mwaka, ukikadiria. Kumbuka hizo ni bei za fundi wa Marekani, anayelipwa kwa saa kiasi ambacho fundi wa kwetu hulipwa kwa siku kadhaa. Kwetu tofauti itakuwa ndogo zaidi, kwa sababu gari la petroli ndilo linalofaidi ubei rahisi wa fundi. Tairi, bushi na shoku hazijali kama ni petroli au umeme, na hapo Leaf ina ubaya wake: ina uzito wa karibu tani moja na nusu. Bersey wa 1897 angeelewa.

Upande wa pili wa mizani ni betri. Mwezi Juni 2014 Nissan ilitangaza Marekani bei ya betri mpya ya Leaf ya kWh 24: dola 5,499, ukirudisha ya zamani, bila ujira wa kuifunga. Gawanya kwa dola 750. Ni zaidi ya miaka saba ya akiba ya gereji ili kulipia betri moja.

Na betri hiyo haikuwa na historia nzuri. Leaf ilipotoka Desemba 2010 haikuwekewa mfumo wa kupoza betri kwa maji kama magari mengine. Mwaka 2012 wamiliki wa Phoenix, Arizona, walianza kuona vile vijisanduku 12 vya uwezo wa betri kwenye dashibodi vikizimika kimoja kimoja, kwa sababu ya joto la jangwani. Mwaka 2013 Nissan ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri, miaka 5 au maili 60,000. Kwa mwendo wa mjomba maili 60,000 ni miaka mitatu na kidogo. Tena gari linaloingia Kenya hutumika kwanza kwingine, maana sheria yetu inaruhusu mitumba ya hadi miaka 8. Jambo moja liko upande wetu: Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari na baridi yake mnaijua. Betri iliyoteseka Phoenix ingepumzika hapa. Mombasa singeipeleka.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemdanganya mjomba, kwa sababu bili ya gereji haisafiri peke yake. Tuchukulie petroli ni shilingi 180 kwa lita na Probox inakunywa lita 7 kwa kilomita 100. Kwa mwaka ni shilingi 378,000. Leaf za kwanza zilipimwa Marekani zikitumia kama yuniti 21 za umeme kwa kilomita 100. Tuseme yuniti ni shilingi 25, ni shilingi 157,500. Kuna pia ada maalumu ya umeme wa magari, iliyoanza Aprili 2023, shilingi 16 kwa yuniti na 8 wakati wa usiku kabla ya kodi na tozo nyingine, lakini hiyo inataka mita yake. Hata bila hiyo, mjomba anabakiza zaidi ya shilingi 220,000 kwa mwaka kwenye mafuta peke yake. Weka na akiba ya gereji, betri inajilipa katika miaka miwili na nusu au mitatu. Kwenye jedwali la tarakilishi yangu, Leaf imeshinda.

Basi kwa nini bado sijamwambia anunue? Ya kwanza ni rahisi: Leaf ya 2011 ikiwa mpya ilipimwa kwenda kilomita 117 kwa chaji moja. Iliyochoka haitamaliza kilomita 100 za mjomba ikiwa na abiria bila kusimama kuchaji mchana, na matatu iliyosimama ni kibanda. Ya pili ndiyo ile ile ya Hartford. Zile shilingi 220,000 haziji kama shilingi 220,000. Zinakuja mia saba leo, mia saba kesho, na mia saba ya matatu ina wenyewe kabla haijafika nyumbani. Kuna karo, kuna mahindi ya kupalilia, kuna michango ya hospitali. Nimemjua mjomba maisha yangu yote na sijawahi kuona akiba ya senti za kila siku ikikaa kwake miaka mitatu ikingoja betri. Hata kwangu haijakaa. Akiba inakuja kwa sarafu, halafu deni linakuja kwa ukubwa wa ng'ombe watatu siku moja ya Jumanne, na mkopo wa Sacco bado haujaisha.

Ndiyo maana ninachokitazama kwa makini si magari bali mikataba. Ampersand ya Kigali ilianza kazi mwaka 2019 kwa kumwachia mwendesha pikipiki pikipiki yake na kubaki na betri, ambayo inabadilishwa kituoni, kisha ikaja Nairobi. BasiGo ilianza na mabasi mawili ya BYD Nairobi mwezi Machi 2022. Bei ya basi la abiria 25 ilikuwa shilingi milioni 5, na mwenye basi akawa analipa shilingi 20 kwa kila kilomita, malipo yaliyobeba betri, chaji na matunzo. Ukisoma mkataba huo kando ya ule wa Hartford, utadhani mmoja alinakili mwenzake. Bili ya gereji imegeuzwa kuwa nauli. Hupati akiba kubwa kwenye karatasi, lakini pia huamki siku moja na deni la betri.

Hatari yake nayo ni ya zamani. Ukiihamishia kampuni mzigo wa betri, unaomba kampuni isife. Better Place ya Israeli, iliyouza magari ambayo betri zake zilibaki mali ya kampuni, ilifilisika Mei 2013. Hapa Nairobi, Nopea Ride ilianza teksi za umeme mwaka 2018, nyingi zikiwa hizo hizo Leaf, na Desemba 2022 ikafungwa, si kwa sababu magari yaliharibika bali kampuni mama huko Finland iliishiwa pesa. Kwa hiyo mtu wa Chepsaita anayeuziwa mkataba wa kilomita aulize swali moja ambalo muuzaji hatalipenda: siku mkifunga, betri ni ya nani?

Njia nyingine haihitaji kampuni yoyote, na ndiyo inayonifurahisha kama mtu wa kufungua vitu. Betri ya Leaf si jiwe moja. Ndani yake kuna moduli 48, kila moja ni kama mkebe bapa wa chuma, na jumla zina seli 192. Betri inapochoka, mara nyingi hazichoki sawasawa. Moduli chache dhaifu huzivuta nyingine chini, na zinaweza kung'olewa na kuwekwa zilizo nzima kutoka gari lililogongwa. Kuna programu ya simu inayoitwa LeafSpy, unachomeka kifaa kidogo kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, na inakuonyesha volti ya kila jozi ya seli. Ile ng'ombe watatu inaanza kugawanyika kuwa kuku. Siku fundi wa Eldoret atakapoweza kukuambia "moduli nne, utalipa mbili leo na mbili Ijumaa," hesabu yangu yote ya hapo juu itabidi ipigwe upya, na nitatia sahihi fomu ya mjomba bila kusoma.

Mjomba kwa sasa ameambiwa hivi: chukua Probox nyingine, mkopo mfupi. Hakufurahi. Ila ameniomba nimtafutie Leaf ya kuchungulia, na kijana mmoja anayetengeneza pikipiki pale sokoni anataka kuja nasi. Kama nawe ni fundi na una hamu hiyo hiyo, anza na jambo moja kabla ya spana. Betri hiyo ni volti 360 hivi za mkondo mnyoofu, na haina huruma. Kuna plagi ya usalama sakafuni nyuma, chini ya kapeti. Zima gari, tenganisha betri ndogo ya volti 12, vaa glavu za mpira za kazi ya umeme, ng'oa plagi hiyo, itie mfukoni mwako mwenyewe asije mtu akairudisha, kisha ngoja dakika 10 kabla ya kugusa waya wowote wa rangi ya chungwa.